Mwalimu Aliyefuta Mstari wa Mwenye Mali

Watu wakimsifia mbele yangu huwa nawaacha wamalize. Hapa Bariadi wapo wengi, maana karibu kila kijana wa mji huu anayejua kuandika programu alipita mikononi mwake, au alifundishwa na mtu aliyepita mikononi mwake. Watasema alikuwa na kichwa. Watasema alikuwa msafi, na mashine ikigoma hakuwa mtu wa kupaniki. Yote kweli. Wakishamaliza nawauliza kama wanamjua mama yangu, na hapo mazungumzo yanapoa.

Sisi tulimwita Mwalimu tu. Alifundishia chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, jirani na mafundi wa mageti, kwa hiyo nusu ya somo tulilisikia na nusu ilimezwa na mashine ya kukatia vyuma. Yeye hakupandisha sauti. Alisubiri chuma kikatike, kisha akaendelea pale pale alipoishia, hata kama ni katikati ya neno. Mashati yake yalikuwa ya mikono mirefu, yamepigwa pasi mpaka mkunjo unasimama wenyewe. Kiangazi, vumbi la Bariadi likiingia hadi kwenye chai, yeye alikuwa na brashi ndogo ya rangi mfukoni, na kabla hajagusa kompyuta ya mwanafunzi aliipiga kibodi brashi kwanza, huku akikuangalia kana kwamba vumbi hilo umelileta wewe kutoka kwenu. Mimi kwetu ni Nkoma, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa nimelileta kweli.

Alikuwa na neno lake moja ambalo mpaka leo nikilisikia kwa mtu mwingine naweza kusimama nikaondoka. Ukijibu swali, anaweka kiganja nyuma ya sikio, anainamisha kichwa kidogo na kusema, "Sijasikia. Rudia." Unarudia. "Sijasikia. Rudia." Alikuwa amesikia vizuri. Alichotaka ni darasa lisikie Kiswahili chako kilichotoka kwenye Kisukuma, wale watoto wa mjini wacheke, na wewe ubaki umesimama na jibu lako sahihi mdomoni, unaona haya. Wiki yangu ya kwanza nilirudia mpaka nikasahau nilikuwa najibu nini. Akaniambia nikae.

Na Mwalimu huyo aliyetucheka alikuwa Msukuma kuliko mimi. Nilimgundua siku nilipotumwa kuchukua waya kwenye droo ya meza yake. Chini ya zile waya kulikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa tunavyokula njaa ikipiga hodi, umefungwa vizuri na mpira. Mama yake akimpigia simu alitoka nje, akazunguka nyuma ya ukuta wa mafundi, na huko utamsikia akimwamkia: "Mwadila, mayu," na Kisukuma kinatiririka, kitamu, cha mtu aliyechunga ng'ombe. Akirudi ndani, mkunjo wa shati umesimama, ni Kiswahili cha redioni tu. Sikumwambia mtu kuhusu michembe. Najua maana ya kutunza siri ya mtu, hata kama yeye hakunitunzia aibu yangu.

Mtaniambia mbona simtendei haki, kwa hiyo niyaseme na mema yake. Nilipokosa ada hakunifukuza. Kompyuta yangu ya kwanza ni yake ya zamani, aliniachia mezani bila hotuba, akasema tu kifuniko kina ufa, niwe mwangalifu. Na alijua kufundisha. Hapo simpunguzii hata kidogo, maana ningemchukia kirahisi zaidi kama angekuwa mjinga.

Siku ya kwanza ya JSON alichora ng'ombe ubaoni. Alimchora vibaya, miguu kama ya stuli, na darasa likajikaza lisicheke.

"Huyu yuko ndani ya kumbukumbu ya kompyuta," akasema. "Mmemtunga wenyewe kwa lugha ya Python. Ana namba ya hereni, ana rangi, ana umri. Mko naye wengi, mmewapanga kwenye orodha. Sasa watumeni Dodoma kwa waya."

Tukaangalia waya.

"Hawapiti. Kwenye waya yanapita maandishi. Unachotuma ni habari zao, zimepangwa kwa mabano na nukta mbili, kwa namna ambayo mashine ya huko itazisoma bila kuuliza. Hiyo ndiyo JSON."

Tukaandika. Aina yetu tuliiita Ngombe, bila ile alama ya juu, maana Python haiikubali kwenye jina. Tukaijaza orodha, tukaipa json.dumps, na kompyuta zote chumbani zikatutolea maneno yale yale mekundu: Object of type Ngombe is not JSON serializable. Mwalimu akatabasamu. Alipenda tukosee wote kwa pamoja.

"Inasema haimjui ng'ombe wenu. Namba inaijua, neno inalijua, orodha na kamusi inazijua. Ng'ombe mmemleta nyinyi. Mwelezeni." Akaandika kipande kifupi ubaoni, default=lambda o: o.__dict__, akakisoma kwa Kiswahili: ukikutana na kitu usichokijua, chukua kamusi ya sifa zake. Nikabonyeza. Ng'ombe wangu wote wakatoka kwenye skrini, mmoja mmoja, na rangi zao. Siku hiyo nilirudi nilipopanga nikiwa sijali kuchekwa. Nilijua hii ndiyo kazi yangu, na aliyenipa alikuwa yeye. Roho inaniuma zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa, ng'ombe. Wa mjini huenda hajui, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwenye ng'ombe hawalazi wote kwenye boma moja. Ugonjwa ukiingia utabaki na nini? Unaweka wengine kwa rafiki mwenye malisho. Yeye anakamua, anatumia samadi, anapata ndama kwa makubaliano yenu, lakini ng'ombe ni wako, na watoto wake wanajua ni wako. Hakuna karatasi. Baba yangu aliweka wa kwake Mkula kwa rafiki yake wa ujanani, kwa sababu Nkoma pamba imefika mpaka mlangoni na ng'ombe hana pa kuweka mdomo. Baba alipofariki, ng'ombe wale wakabaki ndio kila kitu alichokuwa nacho mama. Alikuwa akienda Mkula kuwaona kama mtu anayekwenda kuwaona wajukuu. Anawajua kwa majina, yule jike mwenye baka jeupe kwenye paji anamjua na mama yake na bibi yake.

Ukaja mradi wa kusajili mifugo. Kila ng'ombe avalishwe hereni yenye namba, aingizwe kwenye mfumo. Mwalimu akapewa kazi ya kuutengeneza, akanichukua mimi nimsaidie kwa sababu nilikuwa mwepesi wa mkono. Vijana wakazunguka na vishikwambi, boma kwa boma, wakauliza maswali yaliyo sawa: ng'ombe huyu analala boma gani, na mwenye ng'ombe ni nani. Mama alikwenda Mkula siku hiyo. Akasimama kwenye boma la rafiki wa baba, akataja wa kwake mmoja mmoja, na rafiki yule akaitikia, ndiyo, huyo wa shemeji, na huyo pia. Yakaandikwa.

Kazi yetu ilikuwa kuitoa orodha hiyo kwenye Python, kuifanya JSON, na kuituma kwenye mfumo mkuu. Ikagoma. Safari hii maneno mekundu yalikuwa mengine: Circular reference detected. Nikaelewa upesi. Kila ng'ombe alikuwa amemshika mwenye wake, na kila mwenye alikuwa ameshika orodha ya ng'ombe wake. Programu inaandika ng'ombe, inaingia kwa mwenye, inakuta ng'ombe wake, inaingia kwa ng'ombe, inamkuta mwenye yule yule. Ni kama kuuliza njia kwa mtu anayekurudisha kwa aliyekutuma.

Ilikuwa mchana, mafundi wamekwenda kula, kumetulia. Nikamwambia, "Mwalimu, tusimwandike mwenye mzima ndani ya ng'ombe. Tuandike namba yake tu. Mduara unakatika, na mwenye anabaki."

Akaweka kiganja sikioni. "Sijasikia. Rudia."

Tulikuwa wawili tu chumbani. Hapakuwa na wa kucheka. Nikarudia.

"Kesho kuna wageni wa mradi," akasema. "Nikianza kupanga namba za watu sasa, sitamaliza. Boma tunalo. Mwenye boma ndiye mwenye ng'ombe."

"Si kweli, Mwalimu. Na wewe unajua si kweli."

Aliniangalia. Alijua. Mtu aliyechunga ng'ombe anajua.

"Hayo ya kuwekeana ng'ombe ni mambo ya huko vijijini kwenu," akasema. "Watayamaliza kwenye vikao vyao." Akavuta kibodi upande wake, akaipiga brashi, akaufuta mstari wa mwenye. Mstari mmoja. JSON ikatoka safi kabisa, kila bano limefungwa, na kwenye mfumo mkuu kila ng'ombe akaandikwa kwa jina la mwenye boma alimolala. Kesho yake wageni walipiga makofi, tukanywa soda, na Mwalimu akasimama kupiga nao picha. Vishikwambi vikafutwa pamoja na orodha ya mwanzo, vikapelekwa wilaya nyingine. Ukweli ukabaki kwenye vichwa viwili, changu na chake.

Rafiki wa baba sitamzungumzia sana. Alikuwa mtu mwema mpaka alipoletewa karatasi yenye jina lake na ng'ombe wote. Mama alipokwenda kumchukua dume mmoja wa kuuza, kwa sababu paa lilikuwa limeoza, akaambiwa mbele ya geti, "Shemeji, serikali imeandika hivi, mimi nifanyeje." Hakumkaribisha hata maji. Mama alirudi Nkoma akiwa na kamba tupu mkononi.

Tukaenda kushtaki kwenye baraza la kata. Na baraza wakafanya jambo la busara, wakamwita aliyetengeneza mfumo aje aseme. Niliposikia anakuja nilifurahi. Nilijua ana maneno makali, lakini sikujua kama anaweza kudanganya mbele ya mjane. Akaja na shati lake. Katibu wa baraza akamuuliza kama inawezekana mfumo umekosea. Akajibu, kwa kile Kiswahili cha redioni, "Mfumo hausemi uongo. Unatoa kilichoingizwa."

Nikasimama. Nikasema kuna mstari ulifutwa, na nilikuwepo ukifutwa. Nilisema haraka, na nikiharakisha Kisukuma kinanipanda. Mwalimu akageuka taratibu kwenye kiti chake, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sijasikia," akasema. "Rudia."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele na ile kamba mapajani, sijui kwa nini aliibeba, na alitazama chini. Nimechekwa mara nyingi na nimesahau nyingi. Hiyo sikusahau, na sina mpango wa kusahau. Uamuzi ukatoka kwamba ng'ombe ni wa aliyeandikwa. Wakati watu wanatawanyika katibu alimsogelea mama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba siku aliyetengeneza mfumo atakaposema kwa mdomo wake kwamba ulikosea, aje, watalifungua upya.

Mimi kazini sikurudi. Nilipeleka ujumbe kuuliza vitu vyangu, akajibu kwamba kompyuta nibaki nayo. Kiroho safi kabisa, kama mtu aliyemaliza deni. Nikabaki nayo. Misimu kadhaa nilichuma pamba mchana, na jioni nilikaa nayo chini ya taa ya sola, na ufa wake, nikijifunza yote ambayo hakutufundisha. Watu walisema nina bidii. Haikuwa bidii. Nilikuwa naota siku moja anakuja kunihitaji. Nilimtakia kila baya isipokuwa kifo, maana maiti haiendi barazani.

Malalamiko yalipozidi, mradi ukatafuta mtu wa kusahihisha taarifa, na nikapata mimi. Wakanipa meza hapa Bariadi, benchi la wateja, na kazi. Siku ya kwanza niliurudisha ule mstari, namba ya mwenye na namba ya boma, kila moja mahali pake. Lakini kwa ng'ombe wa zamani palikuwa patupu. Na utaratibu ni kwamba anayetaka kupajaza aje mwenyewe, aseme sababu ya kosa mbele ya katibu wa baraza, iandikwe. Ningeweza kupajaza pa mama kwa vidole vyangu, dakika moja. Rafiki wa baba angekwenda kushtaki na kusema binti wa mjane ndiye anayekaa kwenye mashine, na angekuwa sahihi. Nilisubiri.

Mwalimu akaja siku ya Jumatatu.

Amepungua, lakini shati ni lile lile. Alikaa mwisho wa benchi kama wengine, akasogea kidogo kidogo mpaka zamu yake, na alipoinua macho akaniona, brashi ikatoka mfukoni yenyewe, akaigeuzageuza, akairudisha.

"Hujambo," akasema.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akaeleza. Alikuwa amenunua ng'ombe kipindi kile cha mradi. Mjini hana pa kuwaweka, kwa hiyo aliwaweka Nassa kwa binamu yake, mtu wa kuaminika. Binamu amefariki. Wanawe wamechapisha karatasi, jina la baba yao lipo kwenye kila hereni. Wameshauza dume.

Jamani. Nilishika meza. Kwa hiyo mchana ule anaufuta mstari wa mama yangu, na wake ulikuwa humo humo, naye aliona bora aharakishe, maana wageni wanakuja kesho, na yeye binamu yake ni mtu wa kuaminika.

"Pole," nikasema. "Njoo Alhamisi, katibu atakuwepo."

Jioni ile nilipiga simu Nkoma.

Alhamisi mama alikuja kwa pikipiki mapema, amevaa kitenge chake cha kanisani, akakaa benchi la mbele. Katibu wa baraza alikuwa pembeni ya meza yangu na kalamu. Watu walikuwa wamejaa, ilikuwa siku ya mnada na wenye mifugo wote wapo mjini. Mwalimu aliingia, akamwona mama, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliinama, akasema mbele ya watu wote, "Mwadila, mayu."

Mama akamwitikia. Salamu hainyimwi mtu, ndivyo alivyo mama. Mimi ningemnyima.

Nikafungua ukurasa wake. Nikasoma kwa sauti namba za hereni, boma, na jina la marehemu. Nikafika kwenye nafasi ya sababu.

"Sababu ya kosa, Mwalimu?"

"Andika hitilafu ya mfumo."

"Mfumo hausemi uongo," nikasema. "Unatoa kilichoingizwa. Katibu alikuwepo uliposema."

Katibu akaacha kuandika, akamtazama. Mwalimu alitoa leso, akafuta viganja. Nikaona anapiga hesabu yake: akinyamaza, ng'ombe wa Nassa wamekwenda, mmoja baada ya mwingine kama lile dume. Akisema, ameyasema ya mama yangu na ya kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ile. Hakukuwa na njia ya kusema yake peke yake. Nilikuwa nimeitafuta usiku na mchana nihakikishe haipo.

"Data ilikuwa na mwenye," akasema chini chini. "Vijana waliandika sawa. Mstari wa mwenye niliufuta mimi, wakati wa kutoa JSON. Niliambiwa nisifute. Nikafuta."

Nikanyanyua mkono, nikaweka kiganja nyuma ya sikio, nikainamisha kichwa kidogo.

"Sijasikia, Mwalimu. Rudia."

Akarudia. Safari hii sauti ilifika mlangoni. Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi.

"Sijasikia. Rudia."

Kiswahili cha redioni kikamkimbia, akaanza sentensi kwa Kisukuma. Hapo mama akainuka kwenye benchi.

"Mimi nimesikia," akasema. "Na katibu amesikia. Andika, mwanangu. Ng'ombe zangu zinalala kwa watu."

Nikaandika. Wa mama kwanza, jike mwenye baka jeupe akiwa wa mbele kabisa, kisha wa Mwalimu. Katibu akasaini karatasi zote mbili, akamwambia mama kikao ni Jumamosi. Nikahifadhi, nikazima skrini.

Kisha nikarudisha kiganja sikioni, nikamwambia Mwalimu arudie.